Punje Katika Pindo la Koti

Ndera, 2 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Umesema mtandao wa meli unapitisha maneno tu, picha hapana, sauti hapana, na kwamba niandike barua ndefu kama watu wa zamani. Kwangu hiyo si adhabu. Unanijua: mbele ya watu ulimi wangu unakauka, lakini ukiniacha peke yangu na pa kuandika sinyamazi. Natumia simu ya Shangazi Daphrose, kwa hiyo ukiona barua imekatika katikati, ujue mteja wake wa maharage amepiga.

Naandika Kiswahili. Shuleni sasa kila kitu ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini nikiandika Kiswahili najiona bado niko darasa la tatu kule Ngara, kabla hatujahamia huku, mwalimu ananipenda, na sioni haya.

Siku ile uwanja wa ndege sikukuaga vizuri. Ulinikumbatia, mimi nikasema "safari njema" kwa sauti ambayo nadhani hata kola ya koti lako haikuisikia. Halafu nikaangalia viatu vya askari wa mlangoni mpaka ukaingia. Tukiwa tunatoka Kanombe Shangazi akaniambia, "Sangwa, mama yako anakwenda mwisho wa dunia, wewe unamuaga kama anakwenda sokoni Kimironko!" Nilikuwa na maneno, Mama. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

Koti jekundu linatosha kwa baridi ya huko? Unalivaa? Najua ni la mtumba na mikono tuliipunguza mimi na Shangazi, lakini pindo tulilishona vizuri, uzi mara mbili.

Jicho la kushoto la Shangazi limezidi ukungu. Sasa namsomea kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Anakusalimu. Anauliza kama kwenye meli mna kanisa.

Mwanao,
Sangwa


Baharini, 10 Novemba 2024

Sangwa wangu,

Mwambie shangazi yako kanisa hatuna, lakini kila siku bahari inaniombesha.

Meli ni ndogo. Abiria tisini na wanne, sisi wafanyakazi sabini. Zile kubwa haziwezi kupenya kwenye barafu na vighuba vya huku, ndiyo maana hawa wazee wanatafuta ndogo. Wengi wamestaafu. Kuna mmoja ana miaka themanini na moja na nyonga ya chuma, na kila tukisimama mahali anashushwa kwenye boti ya mpira akicheka mawimbi kama mtoto. Nilimuuliza anatafuta nini huku. Akasema, "Mahali ambapo hakuna aliyenitangulia kuacha taka." Nikarudi jikoni kumuokea mkate wake. Mimi ni wa mikate na keki, kama kule hotelini, ila hapa unga ukiuweka mezani unahama wenyewe.

Karibu na mlango wa kushukia kuna ubao wenye vibao vya namba, kila mtu na chake. Ukishuka unakigeuza kiwe chekundu, ukirudi unakigeuza kiwe cheupe. Kama kuna kibao kimoja bado chekundu, meli haiondoki. Vya sisi wa jikoni siku zote ni vyeupe. Lakini sikia: safari hii walipiga kura, watu sita wa jikoni washuke siku moja kwenye kisiwa cha Georgia Kusini, na mimi nimepata! Tarehe 17. Kuna pengwini wanaofika kiunoni kwangu, maelfu, pwani nzima. Nitageuza kibao changu, Sangwa. Miaka yote natazama watu wakienda mahali, na mimi nawafungia vitafunio.

Kuna sheria kali. Kisiwa hakitaki mbegu ngeni hata moja, maana ikiota inaharibu mimea yao. Mkaguzi anapanda melini kabla ya mtu yeyote kushuka. Ingunn, mama wa Kinorwe anayeongoza msafara, ametufundisha kusafisha nguo kwa mashine ya kuvuta vumbi, kuchokoa soli, kugeuza mifuko. Koti nimelisafisha mara tatu. Ingunn amelipapasa mifuko, akaniambia liko safi kuliko la kwake.

Soma vizuri. Kula.

Mama yako


Ndera, 14 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika juzi. Nimeisoma mara nyingi.

Mvua imenyesha siku nne. Mtihani wa hesabu ulikuwa mgumu lakini wa kemia nilifurahi. Nyumba mpya zile zilizo chini ya shamba letu sasa zina mabati, Shangazi anasema watu wa mjini watakuja kuuliza kwa nini mbuzi wetu anapiga kelele.

Shangazi anasema niandike hivi: "Gaudiose, hao ndege wanaofika kiunoni usiwakaribie, mnyama anayesimama kama mtu si wa kuaminika. Na kama wanawapika, usionje."

Nilitaka kukwambia kitu lakini chaji inaisha. Haidhuru.

Sangwa


Georgia Kusini, 18 Novemba 2024

Sangwa,

Sikushuka.

Nitaeleza kwa utaratibu, halafu umsomee shangazi yako barua hii yote, neno kwa neno. Usiruke.

Jana asubuhi alipanda mkaguzi, kijana mpole mwenye tochi na kikoleo kama cha kung'olea nyusi. Abiria walipanga foleni sebuleni, wakapita. Sisi tulikuwa wa mwisho. Akaangalia soli zangu, mifuko yangu, akatabasamu. Halafu akapitisha vidole kwenye pindo la koti. Akasimama. Akarudia. Akaniuliza kwa adabu kama anaweza kufungua uzi. Nikamwambia afungue tu, hakuna kitu humo. Niliapa, Sangwa, mbele ya Ingunn aliyenisifia.

Ukamwagika mtama. Mtama wetu mwekundu wa Ndera, juu ya karatasi nyeupe. Punje arobaini na moja, alizihesabu kwa kikoleo. Moja ilidondoka, watu wanne wakapiga magoti kuitafuta chini ya meza, na mmoja wao alikuwa nahodha msaidizi.

Kwa sababu yangu meli nzima ilikaguliwa upya. Abiria wote walirudisha nguo zao, wakakaa muda wa saa sita wakiitazama pwani kwa darubini. Yule mzee wa nyonga alipita akaniambia "Pole", na hiyo iliniuma kuliko ningetukanwa. Mchana wao walishuka. Mimi nilipangusa meza.

Nahodha ameliandika jambo hili kwenye faili langu. Kabla ya tarehe 15 Desemba natakiwa nieleze kwa maandishi nani aliweka mbegu na kwa nini, kisha kampuni iamue kama naendelea na kazi.

Mimi simtafuti aliyeweka. Daphrose, wifi yangu, koti lile ulilishona wewe. Siku ya harusi yangu ulinitilia ulezi ndani ya kiatu kwa ajili ya baraka, nikaingia kanisani natembea kama bata, na nikacheka kwa sababu kaka yako Niyongabo alicheka. Leo kaka yako hayupo na mimi sicheki. Ulisema mwanamke mwenye mtoto haendi baharini. Haya, umepata ulichokitaka.

Januari Sangwa atahamia shule ya bweni. Nimeshamwandikia kaka yangu Aimable aje kumchukua, akae kwake mpaka shule ifunguliwe.

Gaudiose


Ndera, 20 Novemba 2024

Wifi Gaudiose,

Nimesomewa barua yako yote. Mtoto amesoma vizuri, hakuruka.

Ni mimi. Niliziweka mimi nikashona juu yake. Kwetu mtu haendi safari bila impamba, chakula cha njiani, na wewe ulikataa kubeba hata kiazi cha kuchemsha, ukasema ndegeni wanagawa. Sikujua kwamba viko visiwa vinavyoogopa mtama. Waambie wakubwa wako ni mwanamke wa Ndera mwenye jicho moja bovu, hakuwa na nia mbaya. Wakitaka jina lote wape: Daphrose Ntakirutimana.

La ulezi wa harusini ni kweli, na ningerudia.

Lakini mtoto mwache hapa. Siku hizi anakula. Juzi alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mtoto wa namna hii ukimlaza na wasichana themanini wasiomjua, atafunga mdomo mpaka Pasaka.

Sina mengine. Jifunike vizuri.

Daphrose,
kwa mkono wa Sangwa


Baharini, 29 Novemba 2024

Wifi,

Barua yako nimeitafsiri kwa Kiingereza, nikaandika na maelezo yangu kwamba nimehakikisha ni kweli, nikaviweka mezani kwa Ingunn. Aliisoma mara mbili akasema hii ni barua ya mtu mwema. Nikamwambia ndiyo, na hiyo ndiyo shida yake: anakufanyia wema bila kukuuliza.

Sitaki maneno zaidi. Aimable atakuja Jumamosi tarehe 21 Desemba. Mfungie nguo zake.

Sangwa, usilie. Ni shule nzuri. Utazoea.

Gaudiose


Ndera, 7 Desemba 2024

Mama,

Barua hii nimeianza mara sita. Shangazi yuko shambani anapalilia, hajui naandika.

Ni mimi niliyeweka mtama kwenye koti.

Siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno, mwezi wa nane, tulipoonja mtama mpya, wewe ulikuwa zamu hotelini. Shangazi aligawa, kila mtu fungu lake, na mimi nikakuwekea lako kwenye kiberiti kilichoisha njiti. Ulirudi umechoka, ukalala. Kesho yake ukatuambia umepata kazi melini. Kiberiti kikabaki chini ya godoro langu. Siku moja kabla hujaondoka, Shangazi alipokwenda kuchota maji, nilifungua pindo upana wa vidole viwili, nikamimina, nikashona tena. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uligundue mwenyewe, siku una baridi, unavuta koti, vidole vinakutana na kitu. Niliwaza utasema: ah, huyu ni Sangwa.

Hapo bado sijaungama, Mama. Hilo ungenisamehe kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako ya mkaguzi ilifika tarehe 12. Wewe ulikuwa ushuke tarehe 17. Nilikuwa na siku tano. Niliandika: "Mama, fungua pindo." Maneno matatu. Nikayaangalia. Nikayafuta, nikakuandikia habari za mvua na mbuzi. Na chaji haikuwa inaisha. Simu ilikuwa kwenye umeme.

Niliyafuta kwa sababu niliwaza: wakizipata, watamrudisha nyumbani.

Hivyo tu. Sikutaka uaibike. Nilitaka urudi. Nilidhani mtu anaweza kupata moja bila nyingine.

Yale maneno niliyoyapanga uwanja wa ndege yalikuwa "usiende". Wewe ulisema mpaka Machi, na kila mtu akaniambia Machi si mbali, lakini kuna kitu kilikuwa kinaniambia Machi ikifika kutakuwa na safari nyingine, na nyingine.

Sasa sikia jinsi ilivyokuwa siku niliyomsomea Shangazi barua yako. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilisoma mpaka jina lako mwishoni. Hakuacha kuchambua.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ameandika bata kweli?"

"Ameandika."

"Hm. Alitembea kama bata kweli." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Lete simu. Andika: ni mimi."

"Shangazi..."

"Andika, sha, mwanangu."

"Lakini Shangazi, mimi..."

"Ni nani anayetuma barua, mimi au wewe? Andika ninachosema. Usipoandika nitakwenda kwa yule kijana wa duka, na yule anaandika Kiswahili kama anapiga mbuzi."

Nikaandika. Uongo ule wote ulipita kwenye vidole vyangu, hata pale alipokutania. Nilipofika "kwa mkono wa Sangwa" nililifuta jina langu, nikaliandika tena.

Tangu useme Mjomba atakuja, ananifungia nguo. Anazikunja polepole, anatafuta madoa kwa kidole kwa sababu jicho halioni, na sanduku likijaa anazitoa zote anaanza upya. Anasema amekunja vibaya. Hajakunja vibaya.

Mama, leo ni tarehe 7. Una siku nane. Badilisha maelezo, weka jina langu. Nipeleke bweni ukitaka, nitakwenda. Lakini usinitoe hapa kwa kosa lake, maana hana.

Mwanao,
Sangwa


Ndera, 22 Desemba 2024

Mama,

Hujanijibu. Wiki mbili sasa. Labda mtandao umekatika, labda umenichoka. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu jana Mjomba Aimable alikuja.

Alikuja na pikapu, nyuma imejaa mabati ya mtu wa Kinyinya, yeye mwenyewe ana saruji mpaka kwenye kope. Alipiga honi langoni.

"Mizigo iko wapi? Haraka haraka, mwenye mabati ananisubiri, ni mkali yule."

Sanduku lilikuwa mlangoni. Shangazi alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani, na jana haikuwa Jumapili. Nilisimama kati ya sanduku na gari.

"Siendi," nikasema.

Mjomba akageuka nyuma, akatazama kama kuna mtu mwingine. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe? Unaongea siku hizi?"

"Ni mimi niliyetia mtama kwenye koti la Mama. Shangazi alisema uongo kwa ajili yangu. Nimeshamwandikia Mama na hajajibu, kwa hiyo nakwambia na wewe." Nilisema yote bila kupumua, halafu nikagundua jirani wa mabati mapya amesimama kwenye ngazi yake ananisikiliza. Sikuacha. Nikarudia kwa sauti, jina langu na kila kitu.

Shangazi akasema, "Huyu mtoto ana homa."

"Sina homa."

"Ana homa, Aimable, mguse paji."

Mjomba akanigusa paji kwa mkono wa saruji. "Baridi kama chupa ya soda," akasema.

Basi Shangazi akakalia sanduku langu. Halafu akasema: "Nilijua. Siku ya kufunga mizigo nilipapasa pindo. Mimi nashona kwa mkono wa kushoto, uzi wangu unalala huku. Huo ulilala kule. Na ndani nikasikia punje. Nikajiambia, ehe, mtoto amempa mama yake impamba, na hakutwambia. Nikafurahi. Nikafunga sanduku." Akajifuta jicho, lile zuri. "Kwa hiyo, Sangwa, sikusema uongo mkubwa kama unavyodhani. Nusu ni yangu."

"Sasa mimi nimwambie dada yangu nini?" Mjomba akauliza. "Mimi nilitumwa mtoto."

"Mwambie umemkuta anaongea."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa saruji. Alikula wali na isombe ya kisamvu cha shambani, akasahau mwenye mabati, na alipoondoka mfuko wa maharage ulikuwa kwenye kiti ambacho ningekalia mimi. Alisema hatanichukua mpaka asikie kwako upya.

Kwa hiyo nakuomba useme. Ukisema niende, nitakwenda, kwa sababu utakuwa umesema ukijua yote.

Sangwa


Baharini, 27 Desemba 2024

Sangwa mwanangu,

Mtandao ulikatika siku nne. Siku zote nyingine ni mimi.

Barua yako ya tarehe 7 niliisoma kesho yake, nimesimama kwenye kompyuta ya wafanyakazi, watu watatu wakisubiri zamu nyuma yangu. Nilirudi jikoni nikaunguza sinia mbili. Kila siku nilisema kesho nitamjibu, kesho nitamwandikia Aimable asiende. Sikumwandikia. Nilikuwa naogopa mtoto wa miaka kumi na sita, unaweza kuamini? Ukaniwahi. Ukasimama mbele ya gari na watu wanasikiliza. Nimesoma mahali pale mara nyingi kuliko sala zangu.

Nilichokuwa naogopa ni hiki. Niliwaambia nyinyi mpaka Machi. Mkataba niliousaini Oktoba, kabla sijapanda ndege, ni wa miezi kumi na minane. Machi ningewaandikia niseme wameniongezea, na mngenipongeza. Kile kilichokuwa kinakwambia kwamba Machi haitafika, kilikuwa kinasema kweli. Ungekuwa mtoto mwingine ungeniuliza. Ningekuwa mama mwingine nisingehitaji kuulizwa.

Tarehe 12 nilikwenda kwa Ingunn nikamwambia mbegu ziliwekwa na binti yangu na si wifi yangu. Hakushangaa sana kuhusu mbegu. Aliuliza swali moja tu: "Uliandika kwamba umehakikisha. Ulihakikisha?" Nikasema hapana. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na mtu wa kumtwisha. Akasema asante kwa kumweleza, na kwamba lazima jambo hilo alipeleke kwa kampuni.

Jibu limekuja jana. Namaliza msimu, tarehe 28 Machi nashuka, na miezi iliyobaki wameifuta. Nataka usome vizuri hapa, usijipe kisichokuwa chako. Mtama wako uliniharibia siku moja, na kwa siku ile ningesamehewa, Ingunn ameniambia mwenyewe, vitu vya namna hiyo hutokea. Kilichofuta mkataba ni karatasi yangu, niliyoiandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi kwamba najua kitu nisichokijua. Zile siku tano zako zinauma, sitasema haziumi. Tutazizungumza tukiwa tumekaa. Lakini si hizo.

Bweni hakuna. Nimemwandikia Aimable leo, amejibu kwa neno moja, "Nilijua", na kwamba maharage ni matamu.

Sasa simama, nenda alipo shangazi yako, umsomee kutoka hapa.

Wifi Daphrose. Nilikuhukumu kutoka mwisho wa dunia, bila kukuuliza, halafu nikamlazimisha mtoto akusomee hukumu. Wewe ukaipokea ukaiweka mgongoni kama ulivyombeba Niyongabo akiwa mdogo, aliniambia mwenyewe kwamba ulimbeba mpaka akaona aibu. Nakuomba msamaha. Najua utasema "hayo yameisha" kabla Sangwa hajamaliza sentensi, kwa hiyo mwambie arudie: nakuomba msamaha. Nikija tutakwenda wote hospitali kwa ajili ya hilo jicho, na safari hii nakuuliza kwanza. Unakubali? Mwambie Sangwa aniandikie ulichojibu, na asikupambie.

Kutoka hapa soma kimya, Sangwa, ni kwako.

Nikifika msinifanyie sherehe. Nitanuna siku mbili. Kazi hii niliipenda. Niliwapenda hata hao wazee na nyonga zao, na sitaki kukaa mezani nikijifanya sikuacha kitu. Usiogope nikinuna, na usijaribu kunichekesha. Siku ya tatu nitaamka mapema nikande unga. Kuna mkate mmoja wa karafuu nimejifunza huku, unahitaji mtu wa pili wa kushika sinia. Njoo jikoni. Ukitaka kusema kitu, sema. Usipotaka, shika sinia.

Mama yako,
Gaudiose